Nyumba ya Mgeni, Njia ya Wenyeji



Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, upande wa kusini-magharibi, iko Kwihara, na hapo ipo tembe ya kuta nene za udongo na paa bapa ambayo leo ni makumbusho. Wengi huiita Tembe ya Livingstone. Jina hilo lina msingi wake. David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia Kwihara Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi na bidhaa hadi tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo mgeni huyo alikaa hapo miezi sita tu. Njia ya misafara iliyopita hapo, kati ya pwani na Ujiji, ilifanya kazi karibu karne nzima, ikala nguvu za vizazi kadhaa vya Wanyamwezi, Wasumbwa, Wasukuma, Wamanyema, Waarabu na watu wa Mrima, ikaacha lugha, miji, nasaba na madeni ambayo hayajalipwa. Hoja yangu jioni hii ni moja. Makumbusho ya Kwihara yapangwe upya yaufuate mzigo badala ya kumfuata mgeni. Ninaposema mzigo nakusudia bidhaa yenyewe, mtu aliyeibeba, ujira aliolipwa, ushuru uliotozwa njiani, na pia wale binadamu ambao wenyewe waligeuzwa bidhaa. Nitatoa ushahidi, kisha nitajibu mapingamizi manne ambayo hoja hii haiwezi kuyakwepa.

Tuanze na swali la nani aliifungua njia. Vitabu vingi vya shule humwonyesha mfanyabiashara wa pwani akipanda bara na bendera ya Sultani, na mwenyeji akimngojea. Mpangilio huo umepinduka. Kufikia mwaka 1800 hivi Wanyamwezi walikuwa tayari wanateremka pwani na pembe zao wenyewe, na wafanyabiashara wa pwani walizifuata nyayo hizo baadaye. Hata hivyo safari ya pwani ilikuwa tawi jipya la mti wa zamani. Kabla yake ilikuwapo biashara ya bara kwa bara: chumvi ya chemchemi za Uvinza, majembe ya chuma yaliyofuliwa kaskazini-magharibi mwa Unyamwezi, shaba ya Katanga. Uchimbaji wa wanaakiolojia huko Uvinza ulionyesha kwamba watu walichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Aliyebeba chumvi alijua visima, alijua jirani yupi hudai nini, alijua msimu. Maarifa hayo ndiyo yaliyoifanya safari ya pwani iwezekane. Yaliwapeleka Wanyamwezi hata magharibi zaidi. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kisumbwa, alivuka kufuata shaba akajisimamishia dola huko Katanga, makao yake yakiwa Bunkeya, hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Makumbusho yanayoanza hadithi mwaka 1857, Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, yanaianza katikati.

Ushahidi wa pili ni upagazi wenyewe. Tumezoea kuuona kama adha isiyo na sura, mstari wa watu wenye vichwa vilivyoinama. Kumbukumbu za wasafiri, ukizisoma kwa kutafuta mpagazi badala ya msafiri, zinaonyesha kazi yenye taratibu zake. Mtumba wa nguo ulikuwa na uzito wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Shanga zilikuwa na mifuko yake, nyaya za shaba zilining'inizwa kwenye mzegazega, na pembe kubwa ilikuwa fahari ya mwenye bega imara. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia, na asiyestahili hakuthubutu kumpita. Wapagazi waligawanyika katika makambi ya watu waliopika na kula pamoja, wakatunzana wakiugua. Wanawake walisafiri pia, wakibeba vyombo na chakula, wakijenga vibanda jioni. Ujira ulikubaliwa kabla ya kuondoka, kwa nguo au shanga na baadaye kwa fedha, na posho ilikuwa haki mbali na ujira. Posho ikipunguzwa au mwendo ukizidi, mizigo iliwekwa chini na safari ikasimama hadi mazungumzo yaishe. Msimu wa kulima ukikaribia, Mnyamwezi alitaka awe kwake, na hapana tajiri aliyeweza kumzuia kwa urahisi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anawaona kuwa wafanyakazi wa ujira waliokuwa na utamaduni wao wa kazi na njia zao za kudai haki. Ukikubali nusu tu ya ushahidi wake, historia ya wafanyakazi wa Tanzania haianzi reli wala mashamba ya mkonge. Inaanza kwenye njia hii.

Ushahidi wa tatu unatoka ndani ya hadithi ya Livingstone mwenyewe, na kwa sababu hiyo una uzito wa pekee. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Walioamua cha kufanya walikuwa watu wake: Abdullah Susi aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana, Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika, na wenzao, wakiwamo wanawake kama Halima mpishi. Waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, nchi ya Tabora, wakamkuta afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri mwili uzikwe papo hapo. Wakakataa. Walipokuwa wakienda pwani wakapata habari kwamba wenyeji wa mbele hawataruhusu maiti kupita katika nchi yao, nao wakatengeneza furushi la uongo wakalituma nyuma kana kwamba linakwenda kuzikwa Unyanyembe, kisha mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa nguo. Hila hiyo ilitegemea ujuzi wa kazi: wao walijua mtumba hufungwaje, huonekanaje begani, na kwamba hapana atakayeushangaa. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Wengi walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao, na katika mazishi ya Westminster Abbey mwezi Aprili, Wainwright ndiye aliyekuwapo miongoni mwao. Basi hata anayekuja Kwihara kwa ajili ya Livingstone peke yake hawezi kuelewa Livingstone alifikaje kaburini mwake bila kwanza kuelewa upagazi.

Ushahidi wa nne ni wa siasa. Njia ni mali, na anayeishika hutoza. Ugogo maji yalikuwa machache na hongo, yaani ushuru wa njia, ilikuwa nzito. Unyanyembe watemi walitaka sehemu yao ya kila kilichopita. Mtemi Fundikira alielewana na Waarabu. Mwanawe Mnywa Sere alipotaka kuwatoza ushuru wa bidhaa zao, wakamwondoa kwa vita na kumweka Mkasiwa, naye Mnywa Sere akahangaika porini kwa miaka akipigana kurudi. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walipomwendea, Stanley akiwa pamoja nao, walishindwa, na Mirambo akaushambulia mji wenyewe. Alitaka biashara ya magharibi ipite mikononi mwake, na kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kifo chake Desemba 1884, hapana aliyepanga safari bila kumhesabu. Kisha wakaja Wajerumani wakidai jambo lilelile kwa mizinga. Mtemi Isike aliwazuia tangu mwaka 1892, na Januari 1893 ngome yake ilipovunjwa alilipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora na mwaka 1914 ikafika Kigoma, na mabega ya wapagazi yakakosa kazi kwenye njia hiyo, isipokuwa vita vya 1914 vilipoyarudisha kwa nguvu. Wabelgiji walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 walifika na jeshi lililolishwa kwa vichwa vya wapagazi. Mnywa Sere, Mirambo, Isike, Mjerumani: hawa tumezoea kuwasoma kama visa vinne. Ukiufuata mzigo unaona ni ugomvi mmoja juu ya nani atatoza njia.

Sasa pingamizi. La kwanza ndilo zito kuliko yote: kumtukuza mpagazi huru ni kuusafisha utumwa. Mwaka 2006 serikali yetu iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mkosoaji atauliza kama sasa tunataka kuliondoa neno watumwa mlangoni. La hasha. Nataka tulitumie kwa usahihi zaidi. Jina lile, lisipofafanuliwa, humfanya mtazamaji aamini kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa amefungwa minyororo na kwamba safari zote ziliishia sokoni Unguja. Imani hiyo inamnyima mpagazi ujira wake kwa mara ya pili. Inafanya pia jambo baya zaidi: inaufukuza utumwa kutoka Tabora na kuupeleka pwani. Ukweli ni kwamba watumwa wengi waliotekwa Manyema na kwingineko magharibi hawakuiona bahari. Walibaki hapahapa. Walilima mpunga na ngano za mashamba ya Waarabu, na walilima mashamba ya Wanyamwezi pia. Mpagazi aliyerudi kutoka pwani na nguo zake aliweza kuzigeuza ng'ombe, na aliweza kuzigeuza mtumwa wa kumlimia wakati yeye hayupo. Uhuru wa mmoja uliegemea utumwa wa mwingine ndani ya boma moja. Makumbusho ya Livingstone hayahitaji kulisema hilo, kwa kuwa ndani yake mwovu ni mgeni na mwokozi ni mgeni. Makumbusho ya mzigo hayawezi kulikwepa. Wala hayawezi kumaliza hadithi mwaka 1873, soko la Unguja lilipofungwa. Chini ya Wajerumani utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria. Walichoamuru ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922 tu, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo pingamizi hili, likipimwa, linaiunga mkono hoja linayoipinga.

Pingamizi la pili ni la wahifadhi: makumbusho huishi kwa vitu, na mpagazi hakuacha kitu. Livingstone aliacha barua, ramani na shajara. Mpagazi aliacha nyayo, na nyayo zilifutwa na mvua. Hapa tutofautishe kukosekana kwa vitu na kukosekana kwa watafutaji. Jembe la kufuliwa, chungu cha kuchemshia chumvi, shanga zilizochimbuliwa mahali pa kambi, ngoma, nyimbo za kazi zinazokumbukwa na wazee: hivyo ni vitu. Maandishi ya Kiswahili nayo yapo, tena ya watu walioijua njia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo anaeleza ukoo wa baba yake ulivyoungana kwa ndoa na watawala wa Unyanyembe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa Ujerumani mwaka 1903, aliandika kuhusu safari za bara na kuhusu hali ya watumwa. Hao nao wana upande wao: mmoja ni tajiri aliyewatumikisha wengi, mwingine ni mtu wa pwani. Lakini upande wao unaweza kuonyeshwa kando ya upande wa Burton, na mtazamaji akaachwa alinganishe. Palipokosekana kitu, nakala ya wazi inafaa, mradi iandikwe kuwa ni nakala. Fungeni mtumba wa nguo wa frasila mbili, uwekwe sakafuni, mwanafunzi aambiwe aunyanyue na atembee nao hadi lango na kurudi. Atafahamu kilo 30 ni nini, na ataanza kuuliza mwenyewe safari ya kutoka Bagamoyo, ambayo ilichukua msafara miezi mitatu hivi, na mara nyingine zaidi, ilimwachia mtu mwili wa namna gani.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Mtalii, husemwa, anakuja kwa jina la Livingstone, na ukiliondoa unaondoa kiingilio. Jibu la kwanza ni kwamba siliondoi. Livingstone anabaki kuwa mgeni mashuhuri katika nyumba ya njia, na kisa cha safari ya mwili wake, kikisimuliwa vizuri, kinamvutia msomaji wa London kuliko nakala nyingine ya barua. Jibu la pili ni kwamba njia hii iligusa dunia mahali pengi kuliko Uskoti alikotoka Livingstone. Nguo iliyoitwa merikani ilifumwa Massachusetts na kuletwa na meli za Salem hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikatiza. Pembe zilizopita Tabora ziligeuzwa vibonye vya piano katika viwanda vya Connecticut. Mgeni kutoka huko atajikuta ndani ya hadithi bila kuhitaji mmisionari wa kumtambulisha. Jibu la tatu ndilo ninaloliamini zaidi: Tabora haiko kwenye mkondo mkubwa wa watalii, na kuipanga Kwihara kwa ajili ya mgeni asiyekuja huku mwanafunzi wa sekondari ya Milambo, wa Tabora Wavulana na wa shule za kata akiwa karibu hivi, ni hesabu mbaya hata kwa mwenye duka. Huko Bujora, Usukumani, makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe yaliweka mbele ngoma, vyama vya wachezaji, viti na ngoma za watemi. Watu wa kwao wakayafanya yao, na wageni wakaja kuona mahali penye wenyewe.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalostahili heshima kubwa kuliko hayo mengine. Ziko familia Tabora na Ujiji zilizotokana na watumwa, na ziko zilizotokana na waliowamiliki. Zimeoana, zimeswali msikiti mmoja, zimesali kanisa moja, zimezikana. Nani ametutuma kufukua? Siasa ya TANU, iliyofanya mkutano wake wa Uamuzi wa Busara hapahapa Tabora Januari 1958, ilitufundisha kutoulizana asili, na mafundisho hayo yametuepusha na mengi. Naikubali hofu hiyo, ila sikubali tamati yake. Makumbusho si daftari la nasaba. Yanaweza kueleza mfumo, bei, kazi, sheria na njia za kujikomboa bila kutaja ukoo wa mtu aliye hai. Jina la familia litajwe pale tu familia yenyewe itakapotaka. Kinyume chake, ukimya haufuti asili. Huiacha mikononi mwa watani na wasengenyaji, ambako hutajwa kila siku kama tusi na haielezwi kamwe kama historia. Kijana anayesikia neno hilo ugomvini anastahili mahali pa kwenda kujua kwamba aliyefanywa mtumwa alikuwa mkulima, mfua chuma au binti wa watu kabla ya kutekwa, na kwamba aibu ya jambo hilo ni ya wale waliomteka na waliomnunua.

Nikiyakusanya haya, mpangilio ninaoupendekeza una vyumba vinne. Cha kwanza kionyeshe mzigo: chumvi, majembe, shaba, pembe, nguo, shanga, na zilikotoka na zilikoishia. Cha pili kionyeshe aliyeubeba: mkataba, posho, kambi, wanawake wa safari, migomo, na humo safari ya mwili wa Livingstone isimuliwe kikamilifu. Cha tatu kionyeshe nani alitoza njia, kuanzia hongo ya Ugogo hadi reli. Cha nne kionyeshe watu waliofanywa mzigo, na maisha waliyojijengea Tabora baadaye, pamoja na Kiswahili ambacho njia hii ilikisambaza hadi mashariki ya Congo. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, na panapofaa kwa Kinyamwezi, ndipo Kiingereza kifuate. Kabla ya kibao chochote kubandikwa, rasimu isomwe mbele ya wazee wa Unyanyembe, Wamanyema, familia za Kiarabu na walimu wa historia wa mkoa. Hawataafikiana juu ya kila neno. Pasipo na mwafaka, kibao kiseme kwamba kauli ni mbili na kizitoe zote mbili.

Hayo yote yanahitaji fedha, lakini yanahitaji uamuzi kwanza, na uamuzi hauna gharama. Idara ya Mambo ya Kale, mkoa na shule wanaweza kukubaliana mwaka huu juu ya kipimo kimoja cha kazi yao. Mwanafunzi akitoka Kwihara aweze kujibu, bila kusoma karatasi, mpagazi wa Unyamwezi alilipwa nini, nani alilima shamba lake alipokuwa safarini, na kwa nini majibu ya maswali hayo mawili hayatenganishiki. Akishindwa, hata tungepaka kuta rangi mpya, bado tutakuwa tunaitunza nyumba na kuisahau njia.